Mkono Usio na Kazi

Kila asubuhi Mama Matone alitoka nyumbani akiwa ameshasemwa. Kusemwa kwake hakukuwa na likizo wala sikukuu. Mama yake mzazi, bibi wa miaka themanini na ushei ambaye miguu ilishachoka lakini ulimi bado, alikaa kitandani na mto mgongoni, akimkagua binti yake kama askari wa getini anavyokagua mizigo. Leo viatu, kesho kilemba, keshokutwa mwendo: eti anatembea kama aliyeangusha sindano. Na huyo binti si msichana. Ni mtu mzima wa miaka hamsini na minne, mjane, aliyezaa, akalea, akasomesha na kuozesha. Lakini kwa mama hukui, utazeeka tu. Alimaliza chai yake, akaitikia "ndiyo, mama", akaurudisha mlango taratibu, na huko nje ndiko alikovuta pumzi.

Tusifichane, jambo hilo lilimuuma. Viatu havikumuuma. Kilichomuuma ni kwamba tangu apate akili hajawahi kumsikia mama yake akisema, hapa mwanangu umefanya vizuri. Hata mara moja, hata kwa bahati mbaya.

Kazi yake ilikuwa kwenye kituo cha utafiti wa mazao, mwendo wa nusu saa kwa mguu. Nyuma ya ofisi kulikuwa na banda refu la miche, nailoni nyeupe juu na ubavuni, ndani joto la jikoni. Aliingia pale miaka kumi na tisa nyuma, kibarua wa kubeba udongo, siku tatu tu kwa sababu mtu fulani aliumwa. Siku ya nne hakuna aliyemkataza kuja, basi akaja. Baadaye wakampa kopo la kumwagilia, wakaona maajabu: mwanamke huyu alikuwa hamwagi tone chini. Wengine wakimwagilia, njia inakuwa matope mpaka mlangoni. Yeye akipita, unaweza kutembea na soksi. Ndipo jina la Mama Matone lilipomganda, na lile alilopewa na wazazi likabaki kwenye karatasi za mshahara.

Alikuwa na lugha yake na mimea. Watu wote husema mimea "hii". Yeye alisema "hawa". Hawa wameamka vizuri. Yule wa pembeni ana mafua. Msimamizi wa banda, mwanamume mnyoofu mwenye kalamu tatu mfukoni, hakuvumilia kitu kama hicho. "Sema hii, mama. Ni mimea, si watu." Mama Matone alijibu sawa bosi, hii imesikia, halafu akaendelea vilevile. Huyo msimamizi walimwita Bwana Kanuni, nyuma ya mgongo wake bila shaka, kwa kuwa aliandika kanuni kumi na moja kwa mkono wake akazitundika mlangoni. Nawa mikono. Funga mlango wa kwanza kabla ya kufungua wa pili. Usile ndani. Usijipake manukato. Hakuna aliyepata kuzisoma zote bila kupumzika katikati.

Kila siku ilianza hivi. Saa moja na nusu asubuhi alifungua milango yake miwili, akajaza kopo, akaingia. Mkono wa kushoto ulibeba maji. Wa kulia ulikuwa huru, ukipita polepole juu ya vichwa vya miche, kiganja kikiinamisha majani na kuyaachia. Hakuwaza kabisa juu ya mkono huo. Ulijifunza mambo yake zamani, alipokuwa binti wa miaka saba, kwenye kibanda cha mama yake kando ya barabara, walipokuwa wakiuza miche ya nyanya na pilipili katika makopo ya mafuta yaliyokatwa. Kabla ya kwenda shule ilikuwa lazima apite makopo yote na kiganja chake, kwenda na kurudi. Akiruka hata moja, anasemwa.

Sasa akaja mtafiti. Binti mwembamba, miwani mikubwa, anayesomea shahada ile ya mwisho kabisa ambayo ukiimaliza ndipo unaitwa daktari hata kama hujui kuchoma sindano. Mama Matone alimwita Dokta tangu siku ya kwanza. Binti akasema bado, mama, subiri nimalize. Akajibiwa kwamba chakula kikiwa jikoni nacho huitwa chakula. Wakapendana kuanzia hapo.

Kazi ya Dokta ilikuwa hivi. Alipanda nyanya kwenye meza mbili, njia ikipita katikati. Meza ya kushoto alikuja kuikatia maji, akaiita meza ya wenye kiu. Ya kulia ilipata maji yake kila siku, ndiyo meza ya walioshiba. Kila siku saa mbili kamili alikata jani kutoka kila upande, akalitia kwenye kichupa, kichupa akakitumbukiza kwenye chupa kubwa ya baridi kali inayofuka moshi, akakimbia nayo maabara. Huko majani yalisagwa, mashine ikasoma ni jeni zipi zimewaka ndani yake na zipi zimezimwa. Alitaka kujua nyanya inapopatwa na ukame inaamsha nini na inalaza nini, ili siku moja wapatikane nyanya wasiokata tamaa upesi.

Mara ya kwanza Mama Matone kusikia kwamba jeni zimewaka, alitoka nje kutazama nyuma ya ofisi kama jenereta inanguruma. Dokta alicheka mpaka miwani ikaingia ukungu. Kisha akamkalisha kwenye ndoo iliyopinduliwa akamweleza, na alieleza vizuri, maana alitumia mambo ya kazini. Alisema ndani ya kila jani kuna vibarua maelfu kwa maelfu, ndio hizo jeni. Wapo wa kila siku, wa kutengeneza chakula na kukuza majani. Wapo wengine wamelala tu, wanalipwa usingizi, mpaka iingie shida: kiu, joto, baridi, mdudu. Hapo inapigwa kengele, na wale wa shida hiyo wanaamshwa, wa kila siku wanapunguzwa, kwa sababu mmea hauwezi kulisha wote kwa pamoja. Mmea hauna miguu, mama. Sisi tukiona jua kali tunahamia kivulini; wenyewe unabadilisha zamu. Mama Matone akaielewa habari hiyo mpaka kwenye mifupa, kwa kuwa yeye mwenyewe aliingia pale kama kibarua wa dharura.

Tatizo lilizuka mzunguko wa kwanza ulipokwisha. Wenye kiu walionyesha vibarua wao wa shida wameamka, sawa, ndivyo inavyotakiwa. Lakini meza ya walioshiba, mstari wa mbele, ule unaopakana na njia, nao walikuwa macho. Wamekunywa, wana udongo mbichi, na ndani kengele inalia. Mstari wa nyuma, kimya. Dokta akadhani ni bahati mbaya. Mzunguko wa pili ukatoka vilevile. Akabadilisha udongo, akabadilisha vikopo, akapima maji ya bomba. Mzunguko wa tatu, yaleyale. Miezi sita ikaenda hivyo, binti akaanza kukonda, na barua za profesa wake zikaanza kuwa fupi.

Bwana Kanuni aliletewa matokeo, akayaangalia dakika moja, akaita watu ofisini. Kwake jambo lilikuwa wazi kabisa. Mstari wa mbele unaonyesha shida. Shida ya mmea bandani ni maji. Mwenye maji ni mmoja. Akamuuliza Mama Matone kama anaruka siku. Hapana. Kama anamwagilia haraka haraka ili awahi nyumbani kwa mgonjwa. Hapana, na nyumbani hakuna mgonjwa, kuna mzee, tena ni mzima kuliko wewe. Kila siku kuna alama ya vema kwenye karatasi ya zamu, tazama. Bwana Kanuni hakuitazama karatasi. Alisema kwa sauti ya chini, karibu ya huruma, na huruma hiyo ndiyo iliyochoma:

"Karatasi inajazwa na mtu. Mimea haisemi uongo, mama."

Neno hilo Mama Matone mwenyewe alikuwa akiliamini miaka yote. Mimea haisemi uongo. Basi mwongo ni nani?

Uamuzi ukatolewa. Utafanywa mzunguko mmoja zaidi, wiki tano. Ukitoka hivyohivyo, Mama Matone atahamishiwa ghala la magunia, kule kwenye vumbi na giza, kuhesabu mbegu zilizolala. Huko hakuna kitu kinachoota. Kwa mtu mwingine kazi ni kazi, ghala ni kivuli. Kwake yeye unga ulikuwa ndio umeshamwagika. Miaka kumi na tisa ameamkia mahali penye kitu kibichi, halafu aondoke pale akiitwa mvivu na mwongo!

Nyumbani hakusema kitu. Angesema, angesikia nini? Kwamba hata maji yamemshinda.

Akapiga moyo konde. Aliapa kwamba mzunguko huo hakuna mche utakaopata sababu ya kulalamika. Alifika saa moja badala ya moja na nusu. Alipima maji kwa kikombe. Na kwa kuwa alikuwa na wasiwasi, mkono wake wa kulia nao ulikuwa na wasiwasi: haukuishia mstari wa mbele, ulivuka mpaka wa nyuma, akiinama juu ya meza mpaka kiuno kikalia, ukaenda na kurudi mara mbili, mara tatu. Hawa walishibishwa, walisabahiwa, walibembelezwa kuliko nyanya yeyote aliyewahi kuoteshwa. Mwenyewe akatazama, akaridhika. Walikuwa wafupi, wamenenepa shina, wana kijani cha kukolea. Akamwambia Dokta safari hii tutawaziba watu midomo.

Majibu yakaja siku ya Jumanne. Meza nzima ya walioshiba imeamka. Mstari wa mbele, mstari wa nyuma, kengele tupu.

Bwana Kanuni alisema Ijumaa jioni akabidhi funguo. Hakupaza sauti. Mama Matone alirudi bandani akaketi kwenye ndoo, akalia kilio cha watu wazima, kile kisicho na sauti. Halafu akasimama akamalizia kumwagilia, maana nyanya hawana kosa.

Aliyekataa kuyamaliza ni Dokta. Kuna kitu kilimkereketa. Alipochomeka kipimo kwenye udongo, kilisema umelowa. Alipopima mashina, ya walioshiba yalikuwa manene kuliko yote aliyowahi kuona, na hakuna mwenye njaa anayenenepa. Isitoshe, siku zote alikuwa akiwahesabu vibarua wachache tu, wale wa kengele ya jumla, wanaoamka kwa kila shida. Usiku huo akarudi kwenye majani aliyoyahifadhi akawatafuta wale wa kiu hasa. Walikuwa wamelala fofofo. Kwa hiyo shida ipo, ila si ya maji. Mama anasema kweli, na mimea nayo inasema kweli. Kuna mtu wa tatu.

Alhamisi alikuja kumvizia huyo mtu wa tatu. Alijibanza nyuma ya rafu za vikopo, kabla hata ya saa moja, akasubiri. Alitazamia panya, au upepo wa mlangoni, au mlinzi anayeingia kuvuta sigara. Akaingia Mama Matone peke yake, kopo kushoto, akimung'unya wimbo usio na maneno.

"Mama," Dokta alisema akitokeza, "unafanya nini?"

Mama Matone nusura afanye kile ambacho hakuwahi kufanya, kumwaga maji chini. "Ee, unaniua! Namwagilia."

"Huo mkono mwingine."

Akautazama mkono wake wa kulia, uliokuwa bado juu ya majani, kama kitu alichoachiwa na mtu amshikie.

"Huu? Huu hauna kazi. Unasabahi tu."

Dokta akakaa chini palepale, kwenye sementi. Akauliza tangu lini. Tangu nina miaka saba. Kila siku? Kila siku. Mstari wa mbele tu? Wa mbele, maana ndiko unakofika. Ila mzunguko huu niliwafikia wote, nilitaka wapendeze. Na nilipokuuliza, mama, miezi yote ile, unawafanyia nini asubuhi, kwa nini hukuniambia? Mama Matone akashangaa swali. Angemwambia nini? Mtu akikuuliza umefanya nini asubuhi, unamwambia na kupumua?

Basi hapo Dokta alilia, na tusimlaumu. Kilio chake kilichanganyika na kicheko, lakini kilio kilikuwa kingi zaidi. Miezi minane imeharibiwa na kiganja. Alieleza kwa kukatakata kwamba mmea hauna macho. Ukiguswa haujui kama ni mkono wa mama, au upepo wa tufani, au mdudu anayepanda kuja kula. Unachojua ni kwamba umetikiswa. Baada ya dakika chache tu vibarua wa shida wanashika jembe. Na yeye amekuwa akikata majani nusu saa baada ya mkono kupita. Hata angepanga kuharibu kwa makusudi asingeweza kupanga vizuri hivyo.

Mama Matone alisikiliza mpaka mwisho. Moyo ulimshuka hatua kwa hatua. Alikuwa amekula yamini kwamba hana kosa, kumbe kosa lilikuwa limening'inia begani kwake. Hakungoja Ijumaa. Aliweka kopo chini, akafungua mlango wa kwanza, akaufunga, akafungua wa pili, akaenda moja kwa moja ofisini na funguo mkononi.

Hakujitetea. Alimwambia Bwana Kanuni kwamba maji alimwagilia, kwa hilo hatamwomba mtu radhi. Lakini aliyeharibu ni yeye. Aliigusa mimea kila siku, hakujua, sasa amejua, nipeleke ghalani. Dokta alikuwa ameshafika nyuma yake, anahema. Bwana Kanuni alimsikiliza, akanyoosha mgongo, akashika kalamu ya kwanza.

"Na kanuni inayokataza kugusa mimea uliisoma?"

"Sikuiona, bosi. Ni ya ngapi?"

Bwana Kanuni akafungua mdomo kutaja namba. Akaufunga. Akatoka ofisini, wao nyuma yake, wakavuka ua mpaka mlangoni pa banda, na hapo akasoma ubao wake mwenyewe kwa kidole, ya kwanza hadi ya kumi na moja, kisha kutoka ya kumi na moja kurudi ya kwanza. Kunawa mikono ilikuwapo. Manukato yalikuwapo. Kutogusa hakukuwapo. Miaka yote hiyo hakuna aliyewaza kuandika, kama vile hakuna anayeandika jikoni kwamba usikalie moto. Masikio ya bwana yule yakaiva. Lakini tumpe haki yake: hakubuni kanuni papo hapo.

Ndipo Dokta akasema neno lililobadilisha kila kitu. Alisema mama hawezi kuondoka, kwa sababu kuanzia leo mkono wa mama ndio kipimo. Ikiwa nyanya hawa wameamshiwa vibarua kila siku kwa jambo dogo, wamekaa wakijizoeza, wamenenepa shina, je, ukame wa kweli ukija watafanya nini? Apewe mzunguko mmoja. Nusu waguswe, nusu wasiguswe hata na kivuli. Kisha wote wakatiwe maji. Na mkono uwe uleule, si wa mtu mwingine, maana uzito wake na mwendo wake haujulikani na mashine yoyote. Bwana Kanuni alifikiri, akaandika tarehe, akazirudisha funguo kwenye kiganja kilekile. Wiki tano, akasema, na ghala liko palepale.

Wewe usione ni kazi rahisi. Kumwagilia nyanya huku mkono wa kulia umeuficha mfukoni, Mama Matone alisema, ni kama kupita kwa majirani bila kusalimu. Siku ya kwanza mkono ulichomoka wenyewe mara mbili, akauwahi angani. Siku ya pili alishona mfuko wa koti kwa nusu ili usitoke upesi. Wale wa kuguswa waliguswa saa ileile kila siku, mara ishirini kwenda, mara ishirini kurudi, Dokta akihesabu. Wale wasioguswa walirefuka, wakawa wembamba, wazuri wa kutazama, kama vijana wanaojipenda. Alipopita karibu yao aliwaomba radhi kimoyomoyo.

Wiki ya nne maji yakakatwa. Hapo ndipo palipokuwa pagumu zaidi, kukaa na kopo lililojaa mbele ya wenye kiu. Siku ya tano wale warefu walianza kulegea ncha za majani. Siku ya saba wakainama wote. Siku ya tisa walilala juu ya kingo za vikopo, na Mama Matone akashindwa kunywa chai yake. Wafupi, wale wa mkono, walikuwa bado wamesimama. Wamekunja majani kidogo, wamechoka, hilo lilionekana, lakini wamesimama. Mpaka siku ya kumi na mbili ndipo wa kwanza wao alipoinama. Huko maabara, Dokta alikuta walioguswa waliwaamsha vibarua wa kiu mapema na kwa mpango, kama watu waliowahi kufanya mazoezi ya moto. Wenzao walikurupuka mwishoni, wote kwa pamoja, wamechelewa. Akasema mzunguko mmoja si ushahidi, itabidi kurudia mara nyingi, na kwa mimea mingine, na huenda mambo yakageuka. Alisema hayo kwa uso wa kisayansi, ila miguu yake ilikuwa inachezacheza chini ya meza.

Jioni ile wakaruhusu maji. Mama Matone aliwaanza waliolala. Aliwanywesha kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, akautoa mkono wa kulia mfukoni, hakuna aliyemkataza, akawapitia wote. Asubuhi alifika pamoja na Dokta, wakamkuta Bwana Kanuni ameshatangulia, yuko katikati ya njia, mikono nyuma. Takriban wote walikuwa wamenyanyuka. Wawili watatu tu ndio waliogoma.

"Hawa wamesimama," akasema Bwana Kanuni.

Dokta na Mama Matone wakatazamana. Hakuna aliyemsahihisha.

Wiki hiyohiyo ubao wa mlangoni ulibadilishwa. Chini ya kanuni ya kumi na moja palikuwa na mstari mpya, wino bado haujakauka vizuri: *12. Ni marufuku kugusa mimea, isipokuwa Mama Matone.* Na kwenye karatasi ya zamu, pembeni ya safu ya "Maji", ikachorwa safu nyingine imeandikwa "Mkono". Mama Matone aliisoma akaisoma tena. Kisha akaweka alama ya vema yake ya kwanza, kubwa kupita kiasi.

Siku hiyo alirudi nyumbani akasema yote. Alikaa ukingoni mwa kitanda akamsimulia mama yake tangu mwanzo, ghala, kilio, ubao, mambo aliyoyaficha miezi yote. Akamwambia, mama, mkono ulionifundisha wewe kando ya barabara sasa unaandikwa kwenye kitabu cha wasomi. Wamegundua kule kubembeleza miche kunaisaidia. Alisema akitabasamu, akisubiri. Safari hii, aliwaza, safari hii atasema neno zuri.

Bibi alikunja uso.

"Kubembeleza? Nani alikwambia tunabembeleza?" Akauinua mkono wake mkavu, akaupitisha hewani, juu ya makopo ambayo hayakuwapo. "Nilikuwa naitia hofu. Kidogo kidogo, kila siku, ili upepo ukija wa kweli usiikute imezubaa. Mche uliodekezwa ndio wa kwanza kuanguka." Akaushusha mkono. Akatazama shuka. "Na wewe ulikuwa mwembamba sana, ulipokuwa mtoto. Niliogopa."

Mama Matone alimwangalia yule bibi, akaona mambo kwa mara ya kwanza katika miaka hamsini na minne. Viatu. Kilemba. Sindano. Kila asubuhi, kwenda na kurudi, bila kuruka hata siku moja. Akakumbuka mwaka aliofiwa na mume, watoto wawili wadogo, hana mbele wala nyuma. Watu walishangaa akisimama. Hata yeye alijishangaa. Machozi yakamjaa, na hakuyaficha. Akaushika ule mkono mkavu, wakakaa hivyo mpaka chai ikapoa.

Asubuhi alivaa koti lake la kazi, mfuko wa kulia ukiwa bado umeshonwa nusu. Alikuwa ameshika kitasa alipoisikia sauti kutoka kitandani ikisema kwamba hata mwizi hawezi kuliiba koti lile, angelionea haya. Mama Matone akaitikia "ndiyo, mama", akafunga mlango, akaenda kazini akicheka njia nzima.